Taa Moja Kwanza: Namna ya Kumshawishi Mwenye Yadi Alipie Usafi wa Kina

Wanachuo wenzangu, bumu likikata kila mtu ana mishe yake. Mimi na mwenzangu wa chumba tunasafisha magari ya kuuza. Sio kuosha tu: tunatoa madoa kwenye siti, tunanyonya vumbi kwenye mazulia, tunaondoa mikwaruzo midogo kwa polishi na kung'arisha taa. Bei yetu ni shilingi 50,000. Mwenye yadi wa kwanza tuliyemfuata hapa Dar es Salaam alicheka. "Wanangu, hapa kuna vijana wanaosha kwa 5,000, na gari linang'aa."

Kiukweli kosa lilikuwa letu. Tulimhubiria polishi wakati yeye anawaza mauzo. Sisi wa ualimu tunafundishwa kuanza na kile mwanafunzi anachokijua. Mwenye yadi anajua nini? Anajua uchungu wa gari lililolala.

Basi tupige hesabu. Tuseme ameagiza gari Japani kwa mkopo, limemgharimu milioni 12, na riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Hiyo ni 240,000 kwa mwezi, yaani 8,000 kila siku linayokaa yadi. Likitoka wiki moja mapema, ameokoa 56,000. Hapo kazi yetu imeshajilipa, na bado hatujagusa lile punguzo analoomba mteja akiona siti ina doa.

Ila maneno matupu hayatoshi. Mwalimu anahitaji zana. Zana yetu ni taa ya mbele. Taa nyingi za magari ni plastiki ngumu, na jua huifanya iwe ya njano yenye ukungu. Tunaomba kusafisha taa moja tu, bure: msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu polishi. Ya pili tunaiacha. Bosi akisimama mbele ya gari akaona jicho moja safi na lingine lina mtoto wa jicho, hotuba haihitajiki tena. Tunamwambia pia ukweli kwamba bila kupakwa kinga ya jua, unjano utarudi.

Baada ya hapo ndipo tunamwonyesha boneti juani. Kitambaa kilichochovywa kwenye ndoo yenye mchanga huacha mikwaruzo ya duara. Hiyo ndiyo gharama iliyojificha kwenye 5,000.

Mapatano yawe madogo: gari moja la majaribio. Andikeni tarehe lilipoingia na lilipouzwa, mlinganishe na magari mengine ya aina hiyo. Msiahidi kwamba litauzika, maana bei na injini nazo zina neno. Na malipo yawe siku ya kukabidhi kazi. Ukikubali "nikiuza nitakulipa", umemkopesha tajiri.

Mwenye yadi mmoja alikubali haraka, kisha akatuonyesha kutu chini ya mlango. "Pakeni rangi hapo, mteja asione." Nauli ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha ilikuwa haijatimia, na mwenzangu alinitazama bila kusema kitu. Tulikataa, tukaondoka mikono mitupu. Usafi unaonyesha gari lilivyo. Ukianza kuficha, mnunuzi atakayeumia anaweza kuwa mzazi wa mwanafunzi wako wa kesho.