Kuficha Zambi ya Ndugu Yako, Je, Ni Upendo?

Ndugu musomaji, kama mudogo wako anarudia nyumbani usiku, damu kwenye nguo, na anakuambia kama ameua mutu, utafanya nini? Utafunga mulango na kumuficha, ao utaenda kwa polisi? Usijibu mbio. Kuna filme moja ya zamani yenye inauliza ulizo hilo, na imesumbua roho yangu sana.

Inaitwa "Rocco e i suoi fratelli", maana yake Rocco na ndugu zake. Luchino Visconti wa Italia aliitengeneza katika mwaka 1960. Haina rangi, na inachukua karibu saa tatu. Mwaka ule ilipewa zawadi ya pekee kwenye mashindano ya filme ya Venezia.

Habari ni hii. Mama mujane, Rosaria Parondi, anatoka Lucania, kusini mwa Italia, fasi ya umaskini mukubwa. Anapanda treni pamoja na watoto wake wanaume wane: Simone, Rocco, Ciro na Luca, yule wa mwisho. Wanashuka Milano usiku wa baridi. Kifungua mimba, Vincenzo, alitangulia zamani, lakini hayuko kituoni kuwapokea. Yuko kwenye sikukuu ya uchumba wake. Ndiyo salamu yao ya kwanza ya muji.

Wewe mwenye kukaa kambini karibu na mugodi, jambo hilo unalielewa bila kufasiriwa. Wazee wetu wengi walitoka vilevile mugini, mizigo kwenye kichwa, kufuata kazi. Na wale watu wa kusini mwa Italia, wengine walifika mupaka kwenye migodi ya Ubelgiji. Katika mugodi wa Marcinelle, mwaka 1956, moto uliua watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitalia.

Familia Parondi inabanana katika nyumba yenye iko chini ya udongo. Asubuhi moja theluji inaanguka, na wote wanafurahi, sababu muji utalipa watu wa kuiondoa njiani. Furaha ya maskini ni hiyo: kazi ya siku moja.

Simone anaingia katika muchezo wa ngumi. Anashinda, anapata feza na sifa. Kiisha pombe, kiisha wizi. Anapenda mwanamuke jina lake Nadia, mwenye kuuza mwili wake, lakini huyu anamuacha. Siku nyingi zinapita. Nadia anatoka gerezani, anakutana na Rocco, na kwa mara ya kwanza mwanaume anamuangalia kama mutu. Anaanza maisha mapya.

Simone anasikia. Usiku mumoja anawavizia pamoja na marafiki zake. Wale wanamushika Rocco, na Simone anamunajisi Nadia kwa nguvu mbele ya macho yake.

Sasa sikia Rocco anafanya nini. Hamushitaki mukubwa wake. Anapanda na Nadia juu ya paa la kanisa kubwa la Milano, anamuambia arudie kwa Simone, sababu Simone anamuhitaji. Na anasema hivyo akilia.

Hapa tusimame kidogo. Watu wengi wakiangalia Rocco wanasema: kijana huyu ni mutakatifu. Ni mupole, hajitafutii faida. Simone akiiba feza za mutu, Rocco ndiye anatia sahihi kontra ndefu ya kupigana ngumi, kazi yenye anachukia, ili deni lilipwe. Lakini nakuuliza: Nadia aliulizwa na nani? Rocco alimusamehe Simone, na bei ya musamaha huo ililipwa na mwili wa mutu mwingine. Ni vyepesi kusamehe kidonda chenye hakiko juu yako.

Usizani kwamba ni Rocco peke yake alikuwa na mawazo hayo. Wakati ule sheria ya Italia ilisema kama mwanaume mwenye kunajisi musichana akimuoa, azabu inaondoka. Musichana wa Sicilia, Franca Viola, alikataa ndoa ya namna hiyo mbele ya inchi yote, na katika mwaka 1966 mwenye kumutesa alihukumiwa. Sheria yenyewe iliondolewa mwaka 1981 tu.

Mwisho wa filme ni muchungu. Usiku Rocco anashinda pigano kubwa, Simone anamuua Nadia kwa kisu kando ya maji. Nyumbani wanakunywa divai na kumusifu Rocco. Simone anaingia, anasema amefanya nini. Rocco anamukumbatia, analia, anataka kumuficha. Mama naye vilevile. Ciro peke yake anatoka kwenda kwa polisi.

Wanamuona kuwa musaliti. Hata Luca mudogo anamufuata na hasira mupaka mbele ya kiwanda cha Alfa Romeo, fasi Ciro anatumika kisha kusoma masomo ya usiku. Ciro anamufasiria polepole: hakuna mwenye alimupenda Simone kumupita yeye. Lakini wema wa Rocco, wenye kufunika kila kitu, ulisaidia kumuharibu Simone.

Jina la filme linatukumbusha Yosefu na ndugu zake. Yosefu alisamehe, ni kweli. Lakini aliwajaribu kwanza, na alitaja wazi kwamba walimuuza. Kilio na kukumbatiana vilikuja kisha kweli kutoka inje. Na kumbuka tena: Yosefu alisamehe ubaya wenye walimutendea yeye mwenyewe.

Wazazi, mutoto akileta nyumbani kitu chenye hamukumununulia, na mama anakiweka chini ya kitanda, huo si upendo. Musichana akiharibiwa, na familia mbili zinakaa pamoja, zinapatana juu ya mbuzi na feza, kiisha zinamutuma kwa yule mwenye kumuharibu, tumefanya kazi ya Rocco. Tena tumeifanya bila machozi yake.

Ninyi vijana, musiseme umaskini ndio ulimuua Nadia. Ndugu wale walilala katika chumba kimoja, na njaa ilikuwa moja. Umaskini unasukuma, lakini Ciro naye alisukumwa.

Na wewe mwenye kusema kweli juu ya ndugu yako, usimuache. Kule gerezani atahitaji chakula, sabuni na mutu wa kumutembelea. Upeleke wewe mwenyewe. Hapo ndipo atajua kama ulikuwa ndugu yake, hapana adui.

Filme hii si ya watoto wadogo. Wakubwa waiangalie pamoja, kiisha wazungumuze maulizo haya:

1. Katika nyumba yetu, ni jambo gani tunafunika na kuliita upendo?
2. Ni nani analipa bei ya kunyamaza kwetu? Tumekwisha kumuuliza?
3. Kama ungekuwa Luca, ungerudia nyumbani na mawazo gani juu ya Ciro?