Hela ya ukuta kabla ya hela ya geti

Masika yakianza nyumbani, simu zetu huku London huanza kulia. Mwaka ule ilikuwa sauti ya shemeji, saa kumi na moja alfajiri, mmoja wetu akiwa kwenye basi la usiku anatoka kufanya usafi maofisini: "Ukuta umelala." Picha zikafuata. Ukuta wa mita 12 tuliojenga nyuma ya nyumba yetu Kimara, Dar es Salaam, ulikuwa chini, na udongo umefika dirisha la jikoni. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini hela tuliyojinyima miezi 11 ilikuwa imegeuka kifusi.

Fundi hakutuibia. Kosa lilikuwa letu: tulimwambia "weka ukuta hapo nyuma", kwa bei ya chini, naye akaweka ukuta. Tofali za nchi 6, nondo chache, plasta safi. Ule ulikuwa uzio. Uzio hubeba uzito wake tu. Ukuta wa kuzuia udongo husukumwa usiku na mchana.

Tunaandika haya kwa sababu wengi wetu tumenunua viwanja vya mteremko, Goba, Salasala, Mwanza, Mombasa hata Murang'a, maana bei yake ilikuwa rahisi. Nafuu ile si faida. Ni deni la ukuta ambalo hujalipa bado.

Maji ndiyo adui

Udongo mkavu husimama vizuri. Ukilowa huwa mzito, na maji yaliyokosa njia husukuma ukuta kwa nguvu zake yenyewe. Ndugu zetu wa saiti mmeona hapa London: nyuma ya ukuta wa namna hii huwekwa kokoto na mabomba kabla udongo haujarudishwa. Hakuna bosi anayekubali kuruka hatua hiyo.

Kwa hiyo kwenye bajeti usikubali kukata vitu hivi: matundu ya kutolea maji (mabomba ya plastiki, moja kila mita 1.5 hivi), kokoto nyuma ya ukuta, na mfereji wa juu unaopeleka maji ya mvua pembeni. Fundi akikuambia mabomba si lazima, tafuta fundi mwingine.

Urefu ndio unaokula hela

Watu wengi hudhani ukuta wa mita 2 ni gharama ya wa mita 1 mara mbili. Sivyo. Urefu ukiongezeka mara mbili, msukumo wa udongo huongezeka mara 4, na nguvu ya kuupindua ukuta mara 8. Ndiyo maana ukuta mrefu hutaka kitako kipana. Kwa ukuta wa mawe, upana wa chini huwa kama nusu ya urefu au zaidi.

Kuna njia za kupunguza. Badala ya ukuta mmoja mrefu, unaweza kujenga ngazi mbili fupi zilizoachana vya kutosha, zisije zikaegemeana. Kama kiwanja ni kikubwa, sogeza nyumba mbali na ukingo, acha mteremko wa kawaida na upande majani yanayoshika udongo.

Hesabu ya mfano

Chukua ukuta wa mawe wa urefu wa mita 12, kimo mita 2, unene mita 1.2 chini na 0.45 juu, na msingi wa upana wa mita 1.4 na kina cha nusu mita. Jumla ni kama mita za ujazo 28. Vifaa vyake, kwa makadirio:

- Mawe: lori 5 za mita za ujazo 7
- Saruji: mifuko 65 hadi 70 ya kilo 50
- Mchanga: mita za ujazo 10
- Kokoto za nyuma ya ukuta: lori 1
- Mabomba ya plastiki: 4 ya mita 6, yakatwe vipande
- Kuchimba, ufundi, maji, ulinzi wa vifaa

Huu ni mfano, si mchoro wa kujengea. Kiwanja chako kina udongo wake, kwa hiyo mlipe mhandisi aje akipime. Tanzania, mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kenya, mkandarasi awe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ulizia pia kibali halmashauri. Sisi tuliona ada ya mhandisi ni kubwa. Tulipojenga mara ya pili tuliona ilikuwa ndogo kuliko hela ya kuzoa kifusi tu.

Omba bei ya kila kifaa kwenye maduka matatu, uongeze asilimia 15 ya dharura. Lori hukwama, na mwamba hutokea pale ulipotaka kuchimba.

Weka akiba kwa majira

Masika ni Machi hadi Mei, na vuli huanza karibu Oktoba. Dirisha la kujenga ni Juni hadi Septemba. Tuseme makisio yako ni pauni 2,000. Pamoja na dharura ni 2,300. Ukianza kuweka Agosti, hadi Mei ni miezi 10: pauni 230 kwa mwezi, kama 53 kwa wiki. Ziweke kwenye akaunti yake peke yake, zitoke siku ile ile ya mshahara. Hela inayokaa na ya nauli na ya kula haifiki Juni.

Tuma kwa hatua

Usitume zote kwa mkupuo. Gawa: msingi; nusu ya kwanza ya ukuta na mabomba ya chini; nusu ya juu na kokoto; mwisho mfereji. Kabla msingi haujafunikwa, taka video ya moja kwa moja yenye futikamba ndani ya mtaro. Mawe na saruji lipia dukani mwenyewe, risiti ije kwako. Bakiza sehemu ya ufundi hadi mvua ya kwanza ipite, na mkubaliane hivyo kwa maandishi tangu mwanzo. Shemeji naye atapumua, maana hashiki hela ya kugombaniwa.

Na "hakuna makato" isikudanganye. Kampuni ikikupa bei ya pauni iliyo chini kwa asilimia 2, kwenye 2,300 umepoteza pauni 46. Linganisha shilingi zitakazopokelewa nyumbani, na uangalie kama kampuni imo kwenye orodha ya Financial Conduct Authority.

Ukuta wetu wa pili hauna plasta. Geti bado ni la mabati, na majirani wanatucheka. Lakini masika haya simu ya alfajiri ilipolia, mama alikuwa anauliza tu kama huku kuna baridi.