Kuunda Guta la Mizigo kwa Vyuma Vilivyokwisha Kutumika

Mpemba imekaa mahali pazuri kwa biashara. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo kabla ya kufika mpakani Tunduma, na hapo hapo huchepuka barabara iendayo Ileje hadi Isongole, mpakani mwa Malawi. Mnunuzi wa mahindi mwenye lori hana shida ya kufika. Shida ni ya mkulima, kwa kuwa mahindi hayaoti kando ya lami. Kutoka shambani hadi ghala la chama, gunia husafiri kichwani, juu ya baiskeli au juu ya pikipiki ya kukodi, na nauli ya kilometa hizo chache yaweza kula sehemu kubwa ya faida ya msimu. Asiye na nauli huishia kumwuzia mlanguzi aliyemfuata nyumbani, kwa bei ya mlanguzi.

Jambo hili si geni katika nyanda za juu kusini. Uchunguzi uliofanywa wilayani Makete katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya usafirishaji wa kaya za vijijini ilikuwa ya miguu, na kwamba mzigo mkubwa zaidi ulikuwa juu ya vichwa vya wanawake. Wataalamu wa nchi mbalimbali nao walikuwa wakitafuta chombo kilicho kati ya kichwa na lori. Mmoja wao, S. S. Wilson wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, alisanifu baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu ili mafundi wa kawaida waweze kuiunda kwa vifaa vya kawaida. Hapa Tanzania chombo cha namna hiyo kimezoeleka kwa jina la guta.

Kabla ya kununua chuma chochote, yafaa chama kielewe guta litaweza nini. Tuseme guta lenyewe lina kilo 60, mwendeshaji kilo 60, na mzigo kilo 150, yaani gunia moja na nusu la kilo 100. (Lumbesa haihesabiki hapa, hata sheria ya vipimo imeikataza.) Jumla ni kilo 270. Penye tambarare na udongo mgumu, mtu mmoja mwenye afya ataliendesha kwa mwendo wa mtu atembeaye. Lakini pakiwa na mlima upandao meta 5 katika kila meta 100, uzito huo humvuta nyuma kwa nguvu ya kilo 13 na nusu, mbali na ukinzani wa njia. Hapo mwendeshaji hushuka akasukuma, na huhitaji mwenzake. Ni afadhali hesabu hiyo ifanyike mezani kuliko igunduliwe njiani chini ya mvua.

Kosa linaloonekana mara nyingi katika maguta ya kujiundia ni kutumia magurudumu ya baiskeli mahali pote. Gurudumu la baiskeli ni imara sana likisimama wima, nalo huvumilia uzito mwingi kwa kuwa baiskeli hulala inapokata kona, na uzito huendelea kushuka sawasawa katika rimu. Guta halilali. Likikata kona, mzigo wote husukuma rimu kwa ubavu, na spoku hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Gurudumu hupinda kama sahani iliyokaliwa, mara nyingi siku ile ile ya kwanza ya mzigo kamili. Tena ekseli ya baiskeli ni nyembamba, nayo ilikusudiwa kushikwa pande zote mbili; ikishikwa upande mmoja tu, hupinda kisha hukatika.

Kwa sababu hiyo magurudumu mawili ya nyuma yatafutwe katika pikipiki zilizochakaa, ambazo zimekuwa nyingi tangu biashara ya bodaboda ilipoenea. Yafaa yote mawili yawe magurudumu ya nyuma ya pikipiki za aina moja, yakiwa na ngoma zake za breki. Kila moja lishikwe kwa chuma pande zote mbili, kama lilivyokuwa limeshikwa katika pikipiki yake. Gurudumu la mbele laweza kubaki la baiskeli, pamoja na usukani na uma wake, maana huchukua uzito mdogo. Hapo pia uchaguzi wataka macho: katika baiskeli nyingi za kizamani za mizigo gurudumu la nyuma lina spoku 40 na la mbele 32. Lenye 40 ndilo lifaalo, hata kama litahitaji habu nyingine.

Mnyororo usiendeshe magurudumu yote mawili. Penye kona gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Yakifungwa pamoja katika ekseli moja, guta hukataa kukata kona na tairi huburuzwa. Basi liendeshwe moja, na jingine lizunguke lenyewe. Lipi? Nchini Tanzania vyombo hupita kushoto, na barabara nyingi zimeinuka katikati, hivyo guta huinamia kushoto kidogo na gurudumu la kushoto hubeba uzito zaidi. Likiendeshwa hilo, halitelezi upesi. Kwa bahati njema, pikipiki nyingi zina mnyororo upande huo huo.

Kati ya pedali na gurudumu huwekwa mhimili mfupi juu ya beringi mbili. Mnyororo wa baiskeli hutoka kwenye gia ya pedali yenye meno 46 hivi hadi gia ndogo ya meno 18 katika mhimili huo. Mnyororo wa pikipiki hutoka kwenye gia ya meno 14 katika mhimili hadi gia ya gurudumu yenye meno 42 hivi. Matokeo yake, pedali ikizunguka mara moja gurudumu halikamilishi hata mzunguko mmoja, ilhali katika baiskeli ya kawaida huzunguka mara mbili na nusu. Mwendo hupungua, lakini mguu hupata nguvu. Ile gia ndogo ya meno 18 iwe ya kuzunguka huru kinyumenyume, la sivyo pedali zitampiga mwendeshaji miguuni katika mteremko.

Kuhusu fremu hakuna mengi. Bomba la inchi moja au chuma cha pembe hutosha, mradi jukwaa la mzigo liwe chini na uzito ukae karibu na ekseli ya nyuma. Bomba lililopakwa madini ya zinki lisichomelewe kabla ya kukwanguliwa. Moshi wake humletea fundi homa. Muuza vyuma chakavu atoe stakabadhi. Reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975 hupita Tunduma, na vifaa vya reli, kama zilivyo alama za barabarani, si chuma chakavu hata vikipatikana kwa bei nafuu. Chama kitakachokutwa navyo kitajibu.

Breki ndiyo sehemu isiyotaka ubahili. Guta la kilo 270 likishuka lina msukumo unaozidi mara tatu ule wa baiskeli yenye mtu mmoja kwa mwendo ule ule. Kuna mafundi wanaoacha breki ya baiskeli ya mbele peke yake, kwa hoja kwamba guta huenda polepole. Huenda polepole likipanda. Gurudumu la mbele halina uzito wa kutosha juu yake. Likibanwa huteleza tu, na guta huendelea na safari yake kuelekea malori yaliyo kwenye barabara kuu. Ngoma za magurudumu ya pikipiki ndizo zitumike, zote mbili, zikivutwa na kanyagio moja kupitia upau wenye mhimili katikati ili zivutwe kwa nguvu sawa. Ikishika moja tu, guta hugeuka ghafla. Pawepo pia kitanzi cha kufunga breki wakati wa kupakia.

Kabla guta halijakabidhiwa kwa mwanachama yeyote, lipakiwe magunia ya mchanga ya kilo 150, lipelekwe kwenye mteremko usio na watu wala magari, likamatwe kwa breki mara kumi. Lisiposimama mahali pale pale kila mara, lirudi kwa fundi. Baada ya juma la kwanza spoku zote zikazwe na viungo vilivyochomelewa vikaguliwe kama vina nyufa. Uzito wa kilo 150 uandikwe kwa rangi ubavuni, na katika daftari la ghala karani aandike nani amelichukua, mzigo kiasi gani, na breki zilikuwaje aliporudi.