Nje jua kali, mtoto anatoka upasuaji anatetemeka

Mchana wa Februari, Temeke. Ndugu waliokaa kwenye benchi nje ya wodi wanajipepea kwa vipande vya boksi. Machela inatoka chumba cha upasuaji. Juu yake yupo mtoto wa miaka sita aliyekwenda kufanyiwa upasuaji wa ngiri, anatetemeka hadi meno yanagongana. Familia nyingi za Dar huwaza jambo moja kwanza: malaria imempandia humo humo.

Mara nyingi siyo. Mtoto amepoa.

Kiyoyozi huchangia, lakini dawa ya usingizi ndiyo hufungua njia. Mtu aliye macho akipatwa na baridi, mishipa ya damu ya mikono na miguu hubana ili joto libaki kifuani na tumboni. Nusu kaputi huilegeza. Damu ya moto hukimbilia miguuni, iliyopoa hurudi ndani, na joto la mtu mzima linaweza kushuka kwa nyuzi 1 hadi 1.5 ndani ya saa ya kwanza. Ganzi ya mgongoni, anayochomwa mama anayejifungua kwa upasuaji, hulegeza mishipa hivyo hivyo sehemu ya chini ya mwili.

Safari hiyo ya joto huweza kuhesabiwa kwa kompyuta. Mwaka 1971, mtafiti Jan Stolwijk aliwaandalia NASA, shirika la anga la Marekani, mfumo wa hesabu unaougawa mwili sehemu sita: kichwa, kiwiliwili, mikono, viganja, miguu na nyayo. Kila sehemu ina tabaka nne, kutoka ndani hadi kwenye ngozi, na damu inaziunganisha zote. Katika mifumo ya aina hii mtaalamu huweka uzito, mafuta ya mwili na baridi ya chumba, kisha kompyuta inakadiria joto litakavyokwenda, bila mgonjwa yeyote kuachwa apoe ili apimwe.

Hesabu hizo zinaonyesha kwa nini blanketi linalowekwa mgonjwa akishalala huchelewa kusaidia: joto halijatoka nje, limehamia miguuni. Miguu ikipashwa kabla ya dawa, kinachohama ni kidogo.

Mtoto mchanga si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Miguu yake ni midogo, hivyo joto linalohamia huko ni dogo. Lakini ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito, na kutetemeka bado hawezi. Yeye joto lake huishia chumbani.

Na si suala la kujisikia vibaya tu. Utafiti wa 1996 uliohusisha wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo ulikuta vidonda vya asilimia 19 ya walioachwa wapoe vilipata maambukizi, dhidi ya asilimia 6 ya waliopashwa joto.

Kwa hiyo khanga na blanketi safi, kavu, viende hospitali pamoja na kadi. Mzazi anaweza kumuuliza mtaalamu wa usingizi kama joto la mtoto litapimwa kabla na wakati wa upasuaji, na kama dripu itapashwa. Chupa ya maji ya moto ibaki nyumbani: aliyelala kwa dawa haungui akalia.

Wodini, kipimajoto kitangulie dawa ya malaria. Kikisoma chini ya 36, afunikwe hadi kichwani, uso ukiwa wazi. Kikivuka 38, muuguzi aitwe hapo hapo.