Kabini ya kulala ikiwa furu, tuanzie wapi?

Mwezi wa kumi, mbele mvua ianze, jua ya Katanga haina huruma. Sisi wa sindika tulipita ku mustari ya makamyo kule Kasumbalesa, tukakuta shofere mumoja amelala chini ya remorke, juu ya kartoni. Kabini yake iko na kitanda kizuri, lakini klima ya nyuma ilikufa tangu Kolwezi. "Ba ndugu, mule ndani ni furu," akatuambia. Ilikuwa siku yake ya tatu ya kungojea. Mutu asiyelala, kesho atapitisha muzigo wa shaba mu barabara yenye watoto wetu wanavuka.

Alikuwa amelipa gazi mara mbili, falanga ya mufuko yake. Hakuna fundi aliyefungua chini ya kitanda. Tukafungua sisi: filtere ilikuwa nyekundu ya vumbi, imefungana sawa tofali. Tukaitosha, upepo ukarudi, na baridi nyuma yake. Gazi labda haikupunguka hata siku moja.

Mu makamyo mingi ya kitanda, mbele na nyuma wanatumia kompresere moja, lakini kila upande uko na vantilatere yake. Mbele ikiwa baridi na nyuma moto, usikimbilie kompresere. Angalia fizible, vantilatere ya nyuma, na ile filtere. Pande zote mbili zikiwa moto, hapo njo utazame kurwa ya kompresere, na kama kompresere inashika ukiwasha klima.

Baridi iko wakati wa kutembea, halafu inapotea ukisimama? Kondansere, ile yenye kuwa mbele ya radiatere, imejaa vumbi na wadudu, ao vantilatere yake haizunguke. Isafishe na mayi ya pole pole, usikunje zile mabati nyembamba.

Na gazi, tuelewane vizuri. Klima haimalizi gazi sawa vile moteri inamalizaka mazutu. Inazunguka mu mabomba yenye kufungwa. Kama imepunguka, kuko fasi inavuja, mara nyingi pa maungo yenye vumbi imekamata mafuta. Kujaza bila kufunga ile fasi ni kumwanga mayi mu kitunga. Na fundi akitaka kuweka gazi ya kupikia, mukatalie: inawaka moto.

Wengine wanaacha moteri iwake usiku muzima. Moteri ya kamyo kubwa inakunywa karibu litre 3 kila saa, bila kutembea. Eshapema ikiwa na tundu, ule moshi unaingia, na sumu yake haina harufu. Kichwa kikiuma na unataka kutapika, toka inje mara moja, muite na mwenzako.

Ba mama, mutuambie kama bwana anarudia na falanga pungufu juu ya klima. Kodi ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka afya na usalama wa mufanyakazi ku mabega ya mwenye kumupa kazi. Basi shofere, andika ile pane mu karne ya kamyo siku ile ile, piga foto ya karatasi, na risiti ya fundi uilete kwa delege wako mbele ya mwisho wa mwezi.