Je, Wajua? Njaa Inayolala Kando ya Ghala

Je, wajua kwamba Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayosifika kwa mahindi yake, ndiyo iliyoongoza Tanzania kwa udumavu katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022? Iringa, katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, takribani 57 walikuwa wamedumaa. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 30. Mahindi yapo. Kinachopungua sahanini ni maharage, dagaa, yai na tunda, na kinachopungua nyumbani ni muda wa mama aliyeko shambani tangu alfajiri. Mtoto anayeshinda na uji mtupu hushiba, lakini hakui. Takwimu hiyo ya Iringa inaniuma kuliko zote.

Je, wajua kwamba wakulima wadogo wengi, ukipiga hesabu ya mwaka mzima, hununua chakula kingi kuliko wanachouza? Mavuno yakiingia, deni la mbolea nalo linabisha hodi. Kila mtu anauza wakati mmoja, bei inaporomoka. Ifikapo Januari ghala ni tupu, naye mkulima anarudi sokoni kununua mahindi kwa bei ya juu kuliko aliyouzia.

Na alipouza, huenda aliuza lumbesa: gunia lililojazwa likafura, likashonewa kichwa juu, likalipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza. Lumbesa bado zinapakiwa.

Je, wajua kwamba dumuzi, mdudu anayegeuza gunia la mahindi kuwa vumbi, asili yake ni Amerika ya Kati? Nchini Tanzania aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa kasi yake ya kusaga wananchi wakambandika jina la lori: Scania.

Je, wajua kwamba chakula kilichopo kinaweza kuua kabla ya njaa? Mwaka 2004, huko Ukambani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 wakafa. Chakula kilikuwa haba, watu wakahofia wezi, wakayaingiza mahindi ndani ya nyumba kabla hayajakauka. Kuvu ikapata makazi. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu Dodoma na Manyara.

Je, wajua kwamba mvua inayomshibisha mkulima inaweza kumlaza njaa mtu wa mjini? Kibarua wa ujenzi hulipwa kwa siku. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, kazi inasimama, na nyumbani hapapikwi. Hana shamba, hana ghala; ghala lake ni mfuko wa suruali. Kwa kuwa hapati fedha ya mfuko mzima wa unga au dumu la mafuta, hununua robo na mafuta ya kupima, na kwa vipimo hivyo vidogo kila kilo humgharimu zaidi ya anavyolipa jirani yake mwenye nacho. Hata maharage yanayouzwa nafuu humshinda, maana yanataka mkaa wa saa nyingi. Ndiyo maana vyumba vingi vya kupanga hulala na chai na maandazi. Mwaka 2022, pakiti ya unga ya kilo mbili ilipopita shilingi 200 nchini Kenya, maduka yalikuwa na unga; kilichokosekana ni fedha mfukoni.

Je, wajua kwamba moja ya njaa kali kuliko zote zilizowahi kuipiga Dodoma haikuletwa na ukame peke yake? Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo kutoka Ugogo. Mvua zilipokosekana, hapakuwa na akiba wala nguvu kazi. Inakadiriwa Wagogo 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Wenyewe waliiita Mtunya, yaani kugombania.

Na je, wajua kwamba chumvi inaweza kulinda ghala lako? Chukua chupa kavu, tia chumvi kavu kidogo na mahindi kiasi cha theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Yarudishe juani, na usiyatie kwenye gunia leo.