Je, Wajua? Kinachofuata Nyuma ya Kichwa

Je, wajua kwamba mzigo wote wa semi-trela unaotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, zaidi ya kilomita 900, husafiri juu ya kitu kisicho na injini? Labda ndiyo sababu hakipendwi. Kichwa cha lori hubadilishiwa oili kwa tarehe. Trela husubiri mpaka livunjike.

Je, wajua kwamba breki ya kuegesha ya trela haifungwi na upepo? Upepo unaifungua. Ndani ya chemba kuna springi nzito inayotaka kubana muda wote, na upepo ndio unaoizuia. Bomba jekundu likipasuka, trela hujifunga lenyewe. George Westinghouse wa Marekani alisajili breki yake ya upepo ya treni mwaka 1869, na miaka michache baadaye akaigeuza ili kupotea kwa upepo kuwe ndiko kunakosimamisha mabehewa.

Springi hiyo inaua. Fundi anayejiheshimu hafungui chemba kabla ya kuibana springi kwa bolti yake maalumu. Na dereva anayekaza bolti hizo barabarani kwa sababu upepo unavuja, “tufike kwanza,” amebaki na trela ambalo siku bomba likikatika halitajifunga.

Je, wajua kwa nini breki zilizokuwa nzuri asubuhi zinaweza kukosekana kwenye mtelemko wa mlima Kitonga mchana? Dramu ikipata moto hutanuka na kuikimbia lainingi. Fimbo ya chemba inalazimika kusafiri mbali zaidi ili kuifuata. Kama slaki, ule mkono unaosukumwa na fimbo hiyo, haikukazwa, fimbo inafika mwisho wa safari yake kabla lainingi haijabana chochote, na mguu wa dereva uko sakafuni. Fundi mwenye geji ya upepo ataapa kwamba mfumo ni mzima, naye atakuwa anasema kweli: upepo upo, nafasi ndiyo iliyokwisha. Kwa hiyo slaki hupimwa kabla ya mlima, na gia ndogo huingizwa juu kileleni, si katikati ya kona.

Tenki la upepo nalo hukusanya maji. Likimwagwa kila siku, vali haziozi. Kazi ya dakika moja, na bado watu huiruka.

Je, wajua kwamba rungu la utingo halipimi upepo wa tairi? Litakwambia tairi ipi imekufa kabisa. Halitakwambia ipi ina psi 80 wakati inatakiwa 110. Geji tu ndiyo inayojua, na ipimwe asubuhi tairi zikiwa za baridi, kwani za moto husoma juu. Kwenye tairi pacha, mmoja akipungukiwa, mwenzake hubeba sehemu yake pia. Huchemka, hupasuka, na mara nyingine huwaka moto na kwenda na trela zima. Ukinunua tairi, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji anaweza kuipaka rangi nyeusi iwake, tarakimu hazipakiki.

Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati za tairi? Nati imelegea. Tairi ikishafungwa upya, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, tena kwa kuvuka upande hadi upande, si kwa kuzunguka. Bomba refu la kuongezea spana nalo lina hasara yake: stadi huvutika na kukatika siku nyingine, mbali na gereji.

Je, wajua kwamba unaweza kuzidisha uzito kwenye mizani bila kuongeza hata gunia? Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu hadi tani 56 kwa gari zima, lakini ekseli nazo zina vipimo vyake: ekseli tatu za pamoja zisizidi tani 24. Springi ikivunjika jani, au ile mikono ya kati inayogawa mzigo ikikwama kwa kukosa grisi, ekseli moja hubebeshwa na nyingine hustarehe. Hapo dereva hugombana na wapimaji wa mizani ya Vigwaza, wakati mkosaji ni bushi la chini ya gari lake. Ukali huo wa mizani una sababu. Majaribio ya barabara huko Ottawa, Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: kutoka tani 10 hadi 12, uharibifu hufika maradufu.

Je, wajua kwamba trela linaweza kutembea kama kaa? Ekseli ikikaa mshazari, mkia huenda upande na tairi husagika kabla ya wakati. Kupima ni kazi ya futi kamba na watu wawili: kutoka kingpini, ile pini inayounganisha trela na kichwa, hadi ncha ya kila upande wa ekseli ya mbele. Tofauti ikipita milimita 3, irekebishwe.

Kingpini yenyewe, ile ya kawaida ya inchi mbili, huzaliwa na kipenyo cha milimita 50.8. Ikifika 49 haichomelewi nyama mpya, inabadilishwa. Trela zima linaning'inia hapo. Na grisi ya kwenye bamba ambalo trela hukalia ifutwe kwanza ndipo ipakwe nyingine, maana grisi kuukuu yenye vumbi husaga chuma badala ya kukilinda.

Wachomeleaji, hili ni lenu: klipu ya ethi ifungwe karibu na mahali mnapochomelea. Ikifungwa mbali, umeme unaweza kupita kwenye beringi na kuzitoboa vidonda visivyoonekana hadi zianze kulia. Trela lenye ABS lichomolewe nyaya kwanza.

Je, wajua kwamba semi-trela la kwanza la mhunzi August Fruehauf wa Detroit, mwaka 1914, lilibeba mashua? Mfanyabiashara wa mbao alitaka kuivuta kwa Ford Model T. Na makontena 58 ya Malcom McLean, mfanyabiashara wa malori wa Marekani, yaliyopakiwa kwenye meli Ideal X mwaka 1956, yalikuwa mabodi ya matrela yaliyovuliwa magurudumu.

La mwisho, la bure. Ukiwasha indiketa ya kushoto na taa zote za nyuma zikaanza kukonyeza pamoja, usinunue balbu. Kwangua kutu pale waya wa ethi unapofungwa kwenye chasisi.